Kope Lisilofunga

Nilidhani watanilaza usingizi. Huku kwetu Walikale ndivyo kila mtu anavyoujua upasuaji: sindano, giza, halafu unaamka na ndugu wanakuuliza kama una njaa. Kumbe kope halipasuliwi hivyo. Daktari alinidunga sindano kwenye kope lenyewe, akasubiri kidogo, akaanza kukata huku mimi namwona!

"Fungula macho, mama," akasema katikati ya kazi. "Angalia mbele. Sasa funga. Fungula tena."

Nilimuuliza kama akili yake iko sawa. Msaidizi wake akacheka, akanieleza kwamba ni lazima waone kope limepanda hadi wapi kabla ya kushona. Nikatii, lakini nilitetemeka hadi kitanda kikawa kinalia.

Kope zangu zilikuwa zimeshuka polepole kwa miaka. Nilitembea kidevu juu, nikichungulia kwa chini, na kanisani wakasema najivuna. Waache waseme. Ila nilipoanza kuacha mawe ndani ya maharagwe, na siku moja nikajitia mbele ya pikipiki ambayo kila mtu aliiona isipokuwa mimi, niliogopa kwelikweli. Daktari wa Masisi aliniambia wazi: zisipoinuliwa, nitaishi kama kipofu mwenye macho mazima. Ndiyo maana niliacha shamba, nikapanda pikipiki kwenda hospitali ya Masisi pamoja na mama yangu mzazi, sufuria, makaa na unga wa muhogo, vya kujipikia huko. Mama ni mzee, lakini alikataa katakata niuguzwe na mtu mwingine.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alinishtua tena. "Ku mwanzo macho haitafunga muzuri wakati unalala," akasema. "Itabakia wazi kidogo. Usiogope. Utapakala pomadi ya dawa, na mutu asiguse nyuzi." Nilifikiri ananitania. Mama hakusikia, alikuwa nje anasugua sufuria. Halafu pikipiki ikafika, tukagombana na dereva juu ya mizigo, na habari ile ikanitoka kichwani.

Nyumbani kwa mama, kijijini Mpofi, nilikula, nikajinyoosha kitandani mchana, nikapitiwa na usingizi.

Kilio ndicho kilichoniamsha. Kilikuwa karibu sana, kile cha wanawake wengi kwa pamoja, na jambo la kwanza nililojiuliza ni nani amekufa. Kisha nikasikia kiganja usoni mwangu. Kilikuwa kizito, kinalivuta kope langu la kushoto kutoka juu kwenda chini, kwa nguvu, kama tunavyomfunga macho marehemu kabla mwili haujakauka. Maumivu yalinipiga mpaka kisogoni.

"Mama! Unataka kunipofusha?"

Kilio kikakatika. Kwa jicho la pili niliwaona majirani wameshakaa chini, vitenge vimekazwa kiunoni, na mmoja tayari alikuwa amezima moto jikoni, kama ilivyo desturi ya msiba. "Yesu wangu, anafufuka!" akapiga kelele mwimbaji mmoja wa kwaya, akatoka mbio bila viatu. Hakuna aliyecheka. Damu ilikuwa inanichuruzika shavuni, na mama alikuwa amesimama juu yangu, mkono wake bado hewani.

Kwetu aliyelala macho wazi ni maiti. Mama aliingia kuniletea maji, akakuta weupe wa jicho langu unatazama dari, na hakutafuta ushahidi mwingine. Nilikuwa nimeanza kuombolezwa nikiwa bado nakoroma!

Tulirudi Masisi. Njia nzima sikumsemesha. Hospitalini walikuta uzi mmoja umekatika, wakaushona upya. Jicho lenyewe, wakasema, lilikuwa zima. Kuhusu kope, tungojee, huenda likabaki chini kuliko mwenzake. Huenda! Baada ya woga wote ule, baada ya kukatwa nikiwa macho! Nilitoka nje nikamkuta mama kwenye benchi, na hasira niliyokuwa nimeibana tangu Mpofi ikanitoka yote.

"Juu ya nini haukuniita kwanza? Haukuweka hata mukono ku kifua yangu! Ungeniita tu mara moja, mama, ningeamuka!"

Mama aliziangalia pikipiki zinazopita getini.

"Bandugu yako bale benye balikufa," akasema, "kila mumoja nilimuita. Nilimuita mpaka sauti ikaniisha. Hakuna hata mumoja mwenye aliitika."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Weye sikukuita. Niliogopa na weye utanyamaza."