Niliivisha Kompyuta Gauni, Lawama Akabeba Wifi Yangu

Jamani, kosa ni langu. Si la kompyuta, si la fundi, na kabisa si la wifi yangu, ingawa nyumba nzima ilimlaumu yeye na mie nikajifanya simo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vitu vya Dubai vimejaa mjini, mume wangu akaja nyumbani kwetu Temeke na kompyuta iliyotumika. Sasa sebuleni kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa cha kufuma, viti vina vitambaa, friji ina vitambaa mpaka kwenye mshikio. Mgeni wa gharama vile aachwe hivihivi? Nikamfumia gauni! Nikalivisha lile boksi lenye mashine yenyewe, mbele mpaka nyuma, nikabakiza kitufe cha kuwashia na mdomo wa kuingizia flopi. Majirani walisifia, na mie kichwa kikavimba.

Tuliishi na mdogo wake mume wangu, nimwite Zuhura. Huyo alikuwa mtani wangu wa kila saa.

"Wifi, hiyo kompyuta unaioza lini? Mbona ishapambwa, bado posa tu!"

Alikuwa akijifunza kutaipu kwenye hiyohiyo kompyuta, maana alikuwa ameitwa kwenye mtihani wa kazi ya ukarani huko mjini.

Basi vikaanza vituko. Zuhura akitaipu kidogo, kioo kinajaa mistari ya kijani, herufi zinarukaruka, halafu kila kitu kinaganda. Mume wangu akasema draiva ya kioo imeharibika, yaani ile programu inayoendesha picha. Akaifuta, akaiweka upya kwa flopi. Ikawaka vizuri, baada ya muda yakawa yaleyale. Akaifuta tena, akaiweka tena, huku anatukana kimoyomoyo. Mwishowe akaipeleka kwa fundi Kinondoni, na kule ikafanya kazi siku nzima bila hata kukohoa! Ikarudi nyumbani, nikaivisha gauni lake, ikaganda.

"Basi tatizo limo humu ndani," mume wangu akasema, akimtazama mdogo wake. "Zuhura, we si ulileta flopi ya mchezo wa karata?"

"Kaka, nimeucheza siku moja tu!"

"Ndo hiyohiyo siku moja iliyoingiza virusi. Kuanzia leo usiiguse."

Kesho yake nikalivua gauni nikalifua. Likiwa kambani, mume wangu alitaipu mchana kutwa, kioo kimetulia tuli. Lilipokauka nikalirudisha, mume wangu katoka kaiacha inawaka, na kioo kikaanza tena mistari yake. Nikaweka mkono juu ya boksi. Mama yangu! Moto kama pasi! Kuchungulia nyuma, matundu yote ya kutolea joto nimeyaziba kwa uzi wangu mzuri. Masikini mashine ilikuwa inachemka, sie tunaisingizia draiva.

Ningesema palepale, yangeisha kwa kicheko. Ningetaniwa mwaka mzima, lakini yangeisha. Ila mie niliyejisifu mtaa mzima, leo niseme ufumaji wangu ndio ulioleta balaa? Nikalivua gauni, nikalifukia sandukuni chini ya kanga.

Kompyuta ikapona. Mume wangu akapiga makofi kwa furaha.

"Mnaona? Tangu Zuhura aache kuigusa, haijaganda hata mara moja!"

Nilikuwa nachambua mchele. Siku ile niliuchambua sana.

Zuhura akamwomba kaka yake ajifunze walau siku za mwisho kabla ya mtihani. Akakataliwa mbele yangu, nami nikanyamaza. Akaenda na vidole vigumu, akafeli. Hakulia. Alifunga vitu vyake, akaaga kwamba anahamia Msasani kwa mama yake mdogo.

Nilimsindikiza nikiwa nimembebea begi, na njiani moyo ukanishinda.

"Wifi, ile kompyuta..."

"Najua," akanikatiza. "Nilikuona unalificha gauni. Nikasema huyu wifi yangu, atasema tu. Nikakungoja mpaka siku ya mtihani."

Alisema taratibu, bila hasira. Afadhali angenitukana!

Nilirudi nikamweleza mume wangu kila kitu. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakumbuka mtihani, kicheko kikakatika. Kesho yake akaenda Msasani kumwomba mdogo wake radhi, nami nikafuata nyuma na aibu yangu. Zuhura alitusamehe wote. Kazi alikuja kuipata kwingine, namshukuru Mungu.

Wenzangu mnaosoma, mashine iacheni uchi ipate hewa. Na ukiharibu, sema mapema, wakati bado ni jambo la kuchekwa. Mie nilichelewa. Zuhura huja kila sikukuu na zawadi mkononi, anaketi vizuri, anaamkia kwa adabu, "Shikamoo, dada." Hajaniita wifi tena. Hata nifanye kituko gani, hanitanii.