Fimbo ya Mama Yudith Katika Chumba cha Betri

Kijijini Chilonje, kando ya barabara ya Kondoa, Erica Matonya aliogopwa kuliko mbwa. Alikuwa mlinzi wa betri za umeme wa jua katika zahanati, na nyuma ya mlango aliegemeza fimbo ya mti wa mkole. Aliyegusa waya bila ruhusa yake alichapwa. Alimchapa mzee wa kanisa aliyechomeka redio kaseti. Alimchapa bintiye Yudith, mtu mzima mwenye watoto, kwa kuacha taa ikiwaka mchana.

Hakuzaliwa hivyo. Mumewe Gideoni alichomwa mkuki mnadani katika ugomvi wa ng'ombe. Alipofikishwa zahanati, mganga Respicius alishika redio ya mawasiliano kuita gari la hospitali kutoka Dodoma. Betri zilikuwa zimenyonywa na muziki tangu asubuhi. Respicius alisema kuna majeruhi, anavuja damu, kisha redio ikazimika kabla hajataja jina la kijiji. Dodoma walijua mtu anakufa, hawakujua wapi. Gideoni alifia kwenye benchi. Baada ya matanga Erica alimtoa mlinzi wa betri wa wakati ule kwa makofi, akakalia kiti chake. Kamati ya zahanati ikaona ni heri kumwajiri kuliko kumwondoa.

Respicius alimfundisha kazi. Kila asubuhi alivuta maji makali ya betri, yaani asidi, kwa mrija wa kioo wenye boya ndani. Boya likielea juu, kwenye alama ya kijani, betri zimeshiba. Likizama hadi kwenye nyekundu zina njaa, naye alizima kila kitu isipokuwa redio. Alifundishwa pia kuunganisha globu ya taa ya gari na kuitazama: ikiwaka nyeupe, nguvu ipo, ikiwaka kama kaa linalozimika, hakuna kitu. Globu aliitumia kwa nadra. Aliliamini boya.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na televisheni na deki za video zikaanza kuonekana hata vijijini. Hanifu, mfanyabiashara wa Kondoa aliyefungua duka Chilonje, alileta zake. Erica alipokwenda msibani Nkuhungu, Hanifu na mdogo wake Munir waling'oa dirisha la chumba cha betri, wakavuta waya hadi ghala la duka. Watu wakatazama picha za ngumi mpaka betri zikaisha. Hapo Hanifu akaikumbuka fimbo. Madereva wa malori wana desturi ya kumwaga asidi mpya kwenye betri iliyochoka, wakisema inaongeza ukali. Naye akamwaga katika kila betri. Akapima kwa mrija, boya likapanda hadi kijani, akarudisha dirisha mahali pake.

Erica alirudi kesho yake na basi la kwanza, siku ya mnada. Akapima, akaona kijani, akaridhika.

Jua lilikuwa halijapanda sana Munir alipogombana na wafugaji juu ya fahali. Yalianza marungu, zikafuata sime. Munir alikatwa begani hadi kwapani, na Hanifu akambeba mgongoni mpaka zahanati. Respicius alilifunga jeraha, akashika redio, akaanza na jina la kijiji kama Erica alivyomzoeza. Alisema Chilonje, na redio ikafa. Safari hii Dodoma walijua wapi, hawakujua nini.

Erica aliunganisha globu. Iliwaka kama kaa. Kisha akalitazama shati la Hanifu, limetoboka matundu matundu kifuani.

"Umemwaga asidi," alisema.

"Boya si liko kijani, Mama Yudith? Mwambie apige tena."

"Kijani hiyo ni ya asidi yako. Boya linapima ukali wa maji tu. Betri ni tupu."

Akamchapa fimbo ya uso, pua ikapasuka. Kisha akachomoa waya wa redio, akaushika. Betri zilishwe jua kwanza, alisema, mpaka globu iwe nyeupe. Kupiga sasa ni kula kidogo kilichopo.

Munir alikuwa akikoroma. Hanifu aling'oa mguu wa benchi, akampiga nao Erica mkononi, na mfupa ukasikika ukivunjika. Wapagazi wake wawili, waliomfuata kutoka mnadani, wakaanza kumpiga mateke. Erica akaanguka kifudifudi na waya chini ya kifua. Respicius alijaribu kuwavuta, wakambamiza ukutani.

"Ndugu yangu anakufa, mama," Hanifu alisema, mguu wa benchi ukiwa juu.

"Hata mume wangu alikufa hapo hapo. Kaa chini uitazame globu."

Hanifu akaitazama. Sijui aliona nini, lakini aliuteremsha ule mti, akawafukuza wapagazi, akakaa sakafuni damu ikimtiririka puani. Walisubiri jua likipanda, Respicius akiigusisha globu mara moja moja isile nguvu, Munir akizidi kupoa, mpaka kaa likawa manjano, na manjano ikawa nyeupe. Erica akatoa waya. Respicius akasema kwa pumzi moja: "Chilonje, mtu kakatwa sime, damu nyingi, leteni gari." Dodoma wakajibu wamesikia. Kisha redio ikafa tena.

Gari lilifika. Munir aliishi, ila mkono ule haukunyanyuka tena. Wa Erica uliunga ukiwa umepinda.

Hanifu alikuja na mbuzi kuomba radhi. Erica alimkuta mlangoni, akamchapa moja kwa mkono wa kushoto kabla hajavua kofia. Hanifu hakukwepa. Ndipo Erica akampokea mbuzi, akaingia ndani, akaupita mrija wa boya, akaunganisha globu.