Baba Mkwe Juu, Mkwe Chini ya Lori

Majina ya watu ninayo yote kichwani. Nikikutana na mtu stendi nitamtajia jina lake, la mama yake, na la mbwa waliyekuwa wanafuga. Lakini humu sitaandika hata moja, maana habari yenyewe ni ya baba mkwe na mkwe, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Sasa yeye amelikwepa tangu aolewe, mimi nije nilimwage kwenye karatasi? Acha yakae.

Mke wa mwanangu ni Mhehe wa Kalenga. Alipokuja nilimweleza mambo yetu: asikutane na baba mkwe uso kwa uso, asiongee naye, asiguse kilicho chake. Siku hizi wengi wa mjini wameacha. Yeye alicheka, halafu akafuata kwa heshima, na mume wangu, mzee, akafuata kwa ukaidi. Mzee akifika getini anakohoa, mkwe anapitia mlango wa nyuma. Wameishi hivyo hapa Soweto ya Mbeya, nyumba moja, ukuta mmoja, na wanapendana sana, kupitia kwangu.

Tena huyu mkwe ni fundi. Anatengeneza injini kubwa za dizeli kwenye gereji moja kule Uyole. Mwanangu mwenyewe ni dereva, muda mwingi yuko njia ya Zambia, kwa hiyo nyumbani tunabaki sisi watatu: mzee, mkwe, na mimi ukuta wao.

Lori la mzee lilianza kuugua wakati wa mvua. Ni lori la kubeba mbao, Mafinga hadi Mbeya. Likiwa njiani mshale wa joto unaruka mpaka kwenye nyekundu, taa inawaka, na ile kompyuta ya ndani inaogopa kwamba injini inaungua, inakata nguvu. Lori linatambaa. Mzee anasimama, anaangalia, maji yapo, mvuke hakuna, harufu hakuna. Akisubiri kidogo mshale unashuka wenyewe, kama si yeye. Anaondoka, mlima unaofuata ni yale yale.

Mafundi wake, marafiki wa tangu ujana, walibadilisha thamostati. Wakasafisha rejeta. Wakabadilisha na ile sensa, kidude kinachopima joto la maji ya injini. Lakini kila wakiinamisha kabini ili waifikie injini, mshale unatulia kama mtoto aliyeona fimbo. Mwisho wakasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imekufa, injini ishushwe chini. Mzee akasema hana tena umri wa kushusha injini. Akampigia simu mtu mmoja wa Makambako, anayenunua malori mabovu na kuyakata vipuri, aje Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Akiliuza, basi udereva wake umeisha. Hakusema hivyo, ila wiki ile kila asubuhi alikuwa analiosha lori lisilokwenda mahali, bado na mbao zake mgongoni, maana alikataa kuzishusha. Na mimi nilijua jambo la pili, kwamba atakaa nyumbani kutwa. Nampenda mume wangu. Nimempenda vizuri zaidi akiwa Mafinga.

Jumamosi tukiwa jikoni tunamenya ndizi, mkwe akaniuliza kama ule mshale huwa mwekundu hata asubuhi, kabla lori halijaungurumishwa. Nikamwambia ndiyo, kuna siku nimemsikia mzee akiugombeza alfajiri, amefungua swichi tu. Akaweka kisu chini.

"Mama, kwa baridi hii ya Mbeya, chuma kimelala nje usiku kucha, halafu kinasema kimechemka? Injini haiumwi hiyo. Ni habari zake zinaharibikia njiani."

Nikaenda sebuleni kumsemea. Mzee akasema lori lile ni kama shati lake, na mkwe hashiki shati la baba mkwe. Nikamuuliza kama shati lake huwa anamuuzia mtu wa Makambako alikate vipande. Halafu akasema kesho yeye yuko kanisani, na jambo ambalo mtu hajaliona hawezi kulikataza.

Basi Jumapili alipotoka tu, mkwe akavaa ovaroli. Akainamisha kabini, akaifungua ile sensa, kitu chenyewe kama kidole gumba, akaja nayo jikoni akaomba sufuria. Nikampa ya chai. Akaining'iniza sensa kwenye maji, akaweka moto, akashika mita yake ya kupimia umeme, tukainama wote wawili kama wanaosubiri maziwa yachemke. Maji yakipata moto namba zinashuka. Tukaongeza ya baridi, namba zikapanda. Akasema huyu shahidi ni mkweli, mafundi walimfukuza mwenzake bure. Kilichobaki ni waya.

Akanieleza vizuri hata mimi wa darasa la nne nikaelewa. Waya unatoka kwenye sensa, unapita nyuma ya injini, unapanda kwenye kabini. Mahali fulani ngozi yake imechubuka. Ukigusa chuma, mshale unapanda juu. Kabini ikiinamishwa waya unalegea, haugusi kitu, ndiyo maana wazee wale hawakuuona. Kwa hiyo sensa irudi mahali pake, kabini irudi chini, yeye aingie uvunguni na kijiti ausukume waya kipande kwa kipande, na mtu mwingine akae kwenye kiti, afungue swichi, autazame mshale.

Mtu mwingine nikawa mimi. Kupanda kabini ya lori kwa umri wangu ni safari. Goti lilitangulia, kitenge kikafuata baadaye. Nikakaa, nikautazama mshale bila kupepesa, kila akiuliza namjibu uko nusu, haujatikisika. Alisukuma weee, mpaka akachoka. Ndipo akaniuliza mshale wangu una picha gani pembeni. Nikamwambia picha ya pampu.

"Mama, hiyo ni ya mafuta."

Tulicheka, yeye chini mimi juu, mpaka nikashindwa kushuka. Na katikati ya kicheko hicho tukasikia kikohozi getini. Ibada haijaisha.

Mzee alisema mchungaji alikuwa anahubiri habari za Nuhu na yeye aliona lori tu. Viatu vya mkwe vilikuwa vimetokeza uvunguni, vikavutwa ndani taratibu. Mzee akatazama mawinguni. Akaniuliza ninafanya nini kwenye kiti chake, nikamweleza, akasema nishuke kabla sijavunjika, mshale atautazama yeye. Akapanda, akafunga mlango. Hapo ndipo mimi niliyebaki nimesimama nje nikaona tulichofanya: baba mkwe juu, mkwe chini yake, kati yao sakafu ya bati. Bibi yangu alinifundisha la kufanya ukikutana na baba mkwe njiani, ukikutana naye mtoni, ukikutana naye mlangoni. Uvunguni mwa lori hakunifundisha.

Ikabidi nipeleke maneno. Wanasikiana kila kitu, lakini kila mmoja anasubiri nirudie. Mzee akasema, "Mwambie kama ni waya, mimi ni askofu."

Nikainama nikasema, "Baba anasema vizuri, endelea."

Uvunguni kicheko kikazibwa na kiganja. Halafu mkwe akasema, "Mama, mwambie aache kutikisa miguu, udongo unaniingia machoni."

Nikainuka nikamwambia mzee, "Anakusalimia."

Tungeenda hivyo mpaka jioni, ila kazi ilikuwa haiendi. Mshale unaruka, mzee ananiambia umeruka, mimi nainama kusema umeruka, mkwe naye kijiti chake kimeshahamia mbele. Akirudi nyuma kuutafuta, hauruki tena. Mtu wa Makambako alikuwa ameshapiga simu kwamba amevuka Igawa. Na mzee alikuwa ameshaona kwa macho yake kwamba mshale unaitikia kijiti, siyo gasketi. Aliona, na hakuwa na ruhusa ya kumwambia aliyekishika. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufungika. Mshale ukaruka tena, mkono wake ukadondokea honi.

Honi ile ilitengenezwa kwa ajili ya kufukuza ng'ombe Usangu. Kuku wa jirani walipotea. Kisha kimya. Chini, kijiti kikarudi taratibu pale pale kilipokuwa. Honi tena. Kikasogea, kimya. Kikarudi, honi. Mimi nikasimama na maneno yangu mdomoni, hakuna anayeyahitaji. Mila haijasema kitu kuhusu honi. Nikatafuta ubao nikakaa.

Basi wakaongea. Fupi, ndefu, mbili fupi, na kijiti kinajibu tap tap kwenye sakafu ya bati. Majirani wakajaa kwenye uzio wakiuliza ni harusi ya nani. Mzee alikuwa ametoa koti la kanisani. Sijamwona mtu akifurahia mazungumzo hivyo.

Waya wenyewe ulikuwa umechubukia nyuma ya injini, kwenye kishikio cha chuma ambacho kabini ikirudi chini inaukandamizia hapo. Mkwe akaniita, nikalala chini na nguo zangu nikauona: doa dogo la shaba linang'aa, dogo kuliko punje ya mchele. Kwa hilo tu mtu alitaka kuzika lori zima. Akaufunga kwa tepu ya umeme, akauvalisha kipande cha mpira wa hozi, akaufunga mbali na kile kishikio. Aliporudi kushika kijiti na kusukuma, honi haikulia.

Mzee akasema hataamini mpaka lori lipande Mlima Nyoka na mzigo wake. Mkwe akasema, kupitia kwangu, kwamba fundi lazima aone mshale mwenyewe barabarani. Nikakaa kati yao nimeinua kitenge kwa mikono miwili kama pazia, mzee na usukani upande mmoja, mkwe upande wa pili akichungulia mshale kwa pembeni. Pale Uyole askari wa barabarani akatusimamisha, akatazama ndani, akaona bibi kizee ameinua mikono kama jambazi aliyekamatwa. Mzee akamwambia neno moja tu: "Mkwe." Askari kumbe mtu wa Tukuyu, Mnyakyusa mwenzetu. Akageuza uso upesi akatupungia tupite.

Tukateremka ng'ambo ya mlima, tukageuza, tukaanza kupanda. Sikuona kitu zaidi ya maua ya kitenge changu, lakini injini niliisikia. Iliunguruma chini, mzee akabadilisha gia, ikaunguruma tena, mbao zikalia nyuma, mikono yangu imekufa ganzi. Nilipochungulia, mshale ulikuwa umelala katikati. Mara hii niliangalia vizuri, haukuwa wa mafuta. Tulipofika juu mzee akasema polepole, "Ndaga fijo." Hakusema anamshukuru nani. Alikuwa anatazama barabara.

Mnunuzi tulimkuta getini na vijana wake wawili na nyundo zao. Akasema, "Mzee, si uliniambia injini imekufa? Nimekusikia unaingia mtaani na gia ya juu."

"Siuzi."

"Nini kimebadilika?"

"Muulize fundi wangu," mzee akasema. Fundi wake. Mzee yule yule aliyesema lori ni shati.

Lakini fundi alikuwa ameshashukia upande wa pili, amejificha nyuma ya tairi kwa ajili ya mila. Yule bwana akazunguka kutafuta, mtu aliyemwona ni mimi, grisi mpaka kwenye kilemba. Akanitazama kwa heshima kubwa. Nikaona nisimwangushe, nikamweleza habari ya sensa, ya waya na ya kishikio, na pale nilipokwama sauti ndogo nyuma ya tairi ikaninong'oneza. Akaomba niende Makambako nikamwangalizie lori lake moja. Nikamwambia Jumapili mimi sifanyi kazi, tukampa ndizi na maharage, akaondoka.

Jumatatu alfajiri mzee akapakia chupa yake ya chai, akaenda Mafinga. Tulimsikiliza mpaka akaishia barabara kuu. Mkwe alikuwa anaingia kazini mchana siku hiyo, kwa hiyo tukahamia sebuleni, yeye kwenye kochi la baba mkwe wake, miguu juu ya meza, mimi kwenye lile lingine, na hakuna aliyekohoa mpaka saa sita.