Kinyoya cha Nyuma

Kabla watu hawajaanza kumlipa kwa kucheza mpira wa vinyoya, Kipanga alikuwa nusu ya mchezaji. Nusu ya pili ilikuwa dada yake. Walicheza wawili wawili katika ukumbi wa kiwanda cha sabuni ambao baba yao aliutunza, na kila jioni ilibidi kwanza wasogeze mabenchi ukutani na kupiga deki. Unga wa sabuni uliingia na viatu vya wafanyakazi, na asiyeangalia angeteleza mpaka kwa jirani.

Mgawo wa kazi waliupanga wenyewe tangu utotoni. Kipanga alikaa mbele, karibu na wavu, akinyakua kila kinachopita, na jina lenyewe alilipatia hapo. Dada alikaa nyuma. Kinyoya kikiruka juu na kumpita mdogo mtu kichwani, dada aliita, "Changu!" na Kipanga hakugeuza hata shingo. Ageuke kutafuta nini? Kilichompita kilikuwa na mwenyewe. Dada alikimbia kona hadi kona, akakirudisha, akakirudisha tena, hadi wapinzani wakachoka na kutoa kimoja kibovu. Hapo ndipo Kipanga aliporuka na kukimaliza, ukumbi ukashangilia. Dada wakati huo ameinama, mikono magotini, anahema, na hakuna anayemtazama.

Ndipo akaja kocha wa klabu ya kulipwa. Alikaa benchi la pembeni jioni mbili, kisha akamwambia baba kwamba ana nafasi moja, naye anamtaka yule wa mbele. Kipanga alijua hesabu ya kocha ina kasoro. Alijua kabisa. Lakini sifa ni tamu jamani. Akajitia hamnazo, akazikagua kamba za raketi yake kama ndiyo kwanza anaziona. Angeweza kusema, "Mtazame na dada." Maneno matatu tu. Baba alipomuuliza dada anaonaje, alijibu kwamba mdogo wake aende, kazi ya kupakia sabuni ipo na haikimbii. Akamkunjia nguo begini kwa mkono wake, akamtania kwamba huko aendako hakuna wa kumfulia soksi.

Klabuni akapangwa kucheza peke yake. Katika mechi ya kwanza mbele ya watu waliolipa kiingilio, mpinzani alipiga kinyoya cha juu, cha polepole, kuelekea mstari wa nyuma. Kipanga akabaki pale pale karibu na wavu, raketi mkononi, akisubiri sauti. Kinyoya kikatua nyuma yake. Mpinzani naye si mjinga. Akapiga cha pili vilevile, na cha tatu. Kocha alipomuuliza miguu imegandishwa na nini, alijibu kwamba bado anauzoea uwanja. Angesemaje, mtu mzima, kwamba alikuwa akimsubiri dada yake?

Akajikaza kisabuni, msemo waliouchekea sana kwao. Alijifunza kurudi nyuma mbio, akaanza kushinda, si sana, ila kiasi cha kupewa chumba chake mwenyewe. Hata hivyo kila kinyoya kilichompita kichwani kilimchoma kidogo kabla hajageuka. Kwenye simu alimsimulia dada habari za hoteli na viatu vipya. Hilo la kinyoya hakulisema. Dada alimuuliza amekula nini, basi.

Mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani kabla ya kutia saini mwingine, na alirudi na jambo. Klabu ilikuwa ikitafuta jozi, naye alishamdokezea kocha kwamba anamjua wa nyuma asiye na mfano. Alikusudia kumwomba dada jioni ileile, baada ya kucheza. Dada alicheka, akasema magoti yake siku hizi ni ya kubeba maboksi, lakini haya, wacheze. Wakasogeza mabenchi. Upande wa pili wakasimama wafanyakazi wawili wa kiwandani waliozoea kucheza baada ya kazi.

Walianza vizuri. Kipanga alinyakua viwili vitatu, akajisikia amefika kwao. Kisha kinyoya kikapaa na kumpita kichwani. Hakugeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke, moyo wake ulitulia kabisa, akasubiri.

"Chako," dada alisema, kwa sauti ya kawaida tu.

Kinyoya kikaanguka katikati yao. Dada akakiokota, akakinyoosha manyoya kwa vidole. Hakuwa na kinyongo chochote usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Kipanga kuliko yote.

"Nisamehe, mdogo wangu," dada akasema. "Nilidhani siku hizi unavichukua vyote mwenyewe."

Lile ombi la jozi, Kipanga aliondoka nalo kama alivyokuja nalo.