Patron ya Bibi ya Karani

Mama mukubwa yangu, dada ya mama, ule alinilea, alikimbia moto na makaratasi ku kichwa. Bengine balibeba sufuria, bengine godoro, bengine kuku. Yeye alifunga mu kikwembe patron zake zote, zile karatasi za kukatia nguo, alizikata mu mifuko ya simenti, akaacha nyama ikichemka pa mbabula. Mi nilimufuata nikilia. Bantu balifikiri ninalilia nyumba. Nililia ile nyama.

Ilikuwa wakati wakubwa balikata inchi bila kupima, Katanga huku, Kongo kule, na siye bantu ya Kasai tukabakia kama kipande kisichotosha hata mukono wa libaya, ile blauzi ya bamama. Vijana ya chama balikuja ku Bel-Air, mutaa yetu, na petroli. Lakini kijana anayetoka mbali hajui mulango gani ni ya nani. Lazima mutu amuonyeshe. Aliyeonyesha yetu ni bibi ya karani wa komini, nyumba ya kona, dirisha ya bluu. Jina sitaandika, barabara nzima inamujua, na yeye mwenyewe anajijua. Bwana yake njo alichukua mashini yetu ya kushona, na hiyo pia naiandika. Mpaka leo iko kwake. Nikipita pale naisikia inakohoa, haipakwe mafuta.

Na ule bibi alikuwa mukiliya yetu! Siku alitunyoshea kidole, alikuwa amevaa libaya ya mukono wetu. Mungu anisamehe, ilimukaa muzuri sana.

Mu kampi ya wakimbizi tulilala mu hema, tukakula unga ya musaada, na bamama bakakonda. Yale matako ya Bel-Air yaliyokuwa yanafunga njia ya soko, yakaisha. Bakamuletea mama mukubwa nguo zao: mutupunguzie. Yeye alikuwa anatafuta patron ya kila mama, lakini hakati karatasi. Alikuwa anaikunja tu pa kiuno, anaifunga na muiba.

Nikamuuliza, "Kwa nini usikate, tumalize?"

"Nikikata, siku huyu mama atanenepa nitaongeza na nini? Na mukia yako? Kunja!"

Sasa, mu ile kampi mulikuwa kijana moja. Mbele ya vita alikuwa anatumika ku gare ya treni. Alikuwa ananichekesha mpaka ninamwaga maji ya ndoo, na nilimutaka, nisidanganye. Baba yake alikubali. Lakini kwetu, baba hamalizi neno kama tatu-mukaji, dada yake, hajasema. Na ule tatu-mukaji alikuwa ameniona pa bomba ya maji, akauliza bantu kwa sauti kubwa, "Huyu ni binti ao ni muti ya bendera?" Akatuma neno: siku ya Mungu, kisha misa, atakuja kuniangalia karibu. Akikataa, imekwisha.

Mama mukubwa alifungua mafungu yake. Mi nikarukia patron ya binti ya mwalimu, nyembamba kama mi.

"Weka chini," akasema. "Unachagua patron kama muntu anayechagua ndizi, na macho. Mabega kwanza! Bega ni mufupa, haikondi. Kifua tutaongeza, kiuno tutapunguza, matako tutaumba. Lakini bega ikikosa, nguo nzima inanuna."

Patron yangu mwenyewe haikukuwamo. Mutoto ya mushonaji anavaa ile iliyobakia. Basi akaniwekea za bantu ku mabega, moja moja. Ya bibi ya pasta ikaanguka mpaka ku kiwiko. Ya binti ya mwalimu ikanikaba kama polisi. Kisha moja ikakaa. Ikakaa pale, hata pumzi haikuisogeza. Mama mukubwa akaanza kutafuta uzi kwa bidii, na uzi ulikuwa mu mukono yake.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

Akaendelea kutafuta uzi. Yeye hakujua kuandika, kila patron aliichora alama. Nikaigeuza. Ilichorwa dirisha.

"Mi sivai mubili ya ule muchawi!"

"Nani amekuambia mubili? Unavaa mabega. Ulimi tumemuachia."

"Afazali nibaki bila bwana."

"Sawa. Nitamuambia kijana kama umechagua karatasi."

Nikairudisha ku mabega. Ku hema ya pili bakacheka, maana mu kampi hakuna neno ya siri.

Akachukua kikwembe ile ile iliyofunga patron, haikukuwa ingine. Pa kiuno akakunja karatasi vidole viwili kila upande. Pa matako hakukunja. Ule bibi alikuwa nayo, basi tukayachukua, na bwana yake alichukua mashini. Juu yake akaongeza kisketi kifupi cha marinda kinachoanzia pa kiuno, na ndani ya marinda akashona kitambaa cha mufuko wa unga, kisimame. Yote na mukono. Nilipovaa, mama mukubwa akazunguka akiniangalia. "Sasa uko na matako ya serikali," akasema. "Lakini usitembee mbio, itasema."

Siku ya Mungu tatu-mukaji akaingia, bababa bakabaki inje. "Moyo wenu," akatusalimu, akakaa pa sanduku.

"Geuka, mama."

Nikageuka.

"Tena."

Nikageuka tena. Akanyosha mukono, akaminya marinda. Ikalia *kwa kwa kwa*.

"Hii inalia kama nini?"

"Ni... ni kitambaa, mama."

"Kitambaa ya unga," akasema. Akamugeukia mama mukubwa. "Wewe njo ulifanya?"

"Ni miye."

Akainuka. Nikafikiri anaenda. Akafungua kikwembe ya juu, tukaona libaya yake: mabega imeanguka, mugongo imekunjwa na pini tatu, inaninginia kama ya muntu mwingine.

"Mi ya Bel-Air, mbele sijakonda, ulikuwa haumujui," akamuambia mama mukubwa, na sauti ikapungua. "Nikipita, wanaume balikuwa banashuka ku kinga, ku baiskeli zao, baniangalie. Utanirudishia kidogo?"

Mama mukubwa alikwisha kuchukua kamba ya kupimia.

Inje, baba ya kijana akachoka. "Dada! Ni ndiyo ao ni hapana?"

"Unyamaze kwanza, niko mikono juu!" akalalamika. "Na umuambie mutoto yako aache kuzungukazunguka mu jua. Bibi yake anamuletea maji."

Nilibeba ile maji polepole sana. Marinda ya upande wa kushoto, ile tatu-mukaji aliminya, ilikuwa imeshikwa na uzi moja tu.