Likizo ya Salha

Mara ya kwanza Lamjed alipobisha mlango wa Salha Gharbi, mtaa wa nyuma ya soko la Nabeul, alikwenda na bei mbili kichwani: ya kusema na ya kukubali. Ndivyo alivyojifunza biashara tangu alipokuwa akiokota chupa tupu nyuma ya hoteli za Hammamet na kuwauzia wenye maduka. Akaonja maji ya maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, aliyotonesha mwanamke yule kwa mvuke, akakunja uso kama aliyelambishwa shubiri, ingawa moyoni alijua hajapata kuonja mazuri kama yale. Akataja bei ya kusema. Salha akasema sawa.

Lamjed akakosa raha. Asiyevutana bei ama ni mjinga ama ana haja nyingine, na mwanamke huyu hakuwa na macho ya mjinga. Haja ikajitokeza chupa zilipokwisha kufungwa. Salha akamuuliza kama huwa anafika Tunis. Huwa, kwa nini? Basi akipita kilimani, kule chuo kikuu, amtazamie kama ile ngazi ndefu ya mbele wanafunzi bado huikalia wakila mkate.

"Nikutazamie ngazi?" Lamjed akauliza.

"Ngazi. Haina ushuru."

Alikwenda kutazama, na hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Akarudi na habari kwamba wanaikalia, wanakula, na makombo wanayaacha palepale kama hawakulelewa. Salha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Lamjed akaona maneno hayo yamemlipa kuliko dinari zake, akaweka jambo hilo akilini kama mfanyabiashara anavyoweka akilini duka lenye mizani mbovu.

Mengine aliyapata kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Salha aliingia chuo akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kusoma jiografia. Wakati wa machipuko alirudi kwao kwa likizo, kama wanavyorudi watoto wote wa Nabeul, kwa sababu maua ya mdanzi hayangoji na kila nyumba inataka mikono. Likizo ikiwa bado mbichi, mama yake akaanguka kando ya chungu cha kutoneshea, nusu ya mwili ikafa. Moto ulikuwa unawaka. Salha akakalia kigoda cha mama yake ili maji yasiungue, akaendelea kukikalia. Mama aliishi miaka mingi kitandani. Alipozikwa, wasichana waliosoma na Salha walikuwa tayari wanawafundisha watoto wa wenzao. Wachumba walikuja wawili. Wa kwanza alitaka chungu kihamie kwa mama yake, wa pili alitaka kiuzwe. Wote wawili walikunywa kahawa wakaenda zao.

Siku moja mhadhiri mmoja, Daktari Raudha, aliingia dukani kwa Lamjed kununua chupa, akatoka na mkataba. Alikuwa na kozi ya mseto: wanafunzi wa vitivo mbalimbali, huyu wa kemia, huyu wa sheria, huyu wa hesabu za biashara, wanapewa swali moja wote, kisha hawapelekwi maktaba, wanapelekwa kwenye nyumba ya watu wakafanye kazi ya nyumba hiyo kwa majuma matatu. Alikuwa akitafuta nyumba. Lamjed akapiga hesabu upesi: vijana wanne wa kuchambua maua, kutoa vijiti na majani, bila ujira. Akasema nyumba anayo. Salha hakuwa ameulizwa.

Salha aliambiwa baadaye kwamba wageni ni wa chuo kikuu. Alichukua ndoo akaosha ua wote, akaosha na ukuta.

Wakawa wanakuja kila machipuko. Walimwita Mamdogo Salha, wakamlia kuskusi yake mpaka sinia likawa jeupe, wakambishia kila kitu. Mbishi kuliko wote alikuwa Ghufran wa kemia, aliyekuja mwaka wa nne wa kozi hiyo. Nyumba ile ilikuwa na desturi mbili. Kwanza, matone ya mwanzo yakianza kudondoka, watu wanyamaze, maana maneno huyatia maji uchungu. Ghufran akaomba vyungu viwili: kimoja kitoneshwe kimya kimya, kingine mbele yake yeye na Ilyas wa hesabu wakigombana kuhusu mpira. Kisha Salha akafungwa macho, akaonjeshwa. Hakuweza kutofautisha. Lamjed alidhani atanuna. Lakini mama wa watu siku nzima alikuwa kama aliyetunzwa zawadi, akirudia kumwambia kila jirani kwamba miaka yote hii amekaa bubu bure.

Desturi ya pili hakukubali iguswe. Mkono uliowasha moto chini ya chungu ndio ukae nao hadi uuzime. Hakuna kupokezana.

"Moto haujui mkono wa nani, Mamdogo," Ghufran alisema.

"Haujui. Mimi ndiye ninayejua."

Sasa kozi hiyo ilikuwa na siku yake ya mwisho. Kila mwaka siku hiyo wanafunzi walirudi Tunis, wakasimama ukumbini mbele ya walimu wa vitivo vyote, wakaeleza swali lao na walilolipata. Na mstari wa mbele palikuwa na kiti cha mwenyeji, chenye karatasi ya jina lake. Kiti cha Salha kilikuwa kimebaki kitupu miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa siku hiyo iliangukia kila mara kwenye maua ya mwisho ya msimu, na maua ya mwisho Lamjed aliyataka, kwa sababu wakati huo bei yake huanguka na wenye mashamba hawana pa kuyapeleka. Kila mwaka Salha alitazama basi la chuo likiondoka, akarudi kwenye kigoda.

Mwaka huu alisema atakwenda. Alimwambia Lamjed mapema, waziwazi, kwamba siku hiyo asimletee kitu. Alishona gauni. Ghufran alimchagulia rangi, na walipokorofishana kuhusu mikono mirefu au mifupi, nyumba nzima ilijua.

Lamjed alisikia, akaitikia. Lakini jioni ya kuamkia siku hiyo mkulima mmoja wa barabara ya Bani Khiar alimpigia simu, sauti imemnywea: ana maua mengi, mwaka umekwisha, chukua kwa unachotaka. Kwa unachotaka! Mtu aliyeanza na chupa za kuokota hana uwezo wa kuyakataa maneno hayo. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa Salha, gari limejaa.

Salha alifungua akiwa amevaa gauni jipya. Ilyas na wenzake wawili walikuwa wamekwisha kwenda kwenye kituo cha basi. Ghufran alisimama uani na mkoba wake. Lamjed akamwaga maua juu ya shuka, akasema yale aliyokuwa ameyapanga njiani: ni chungu kimoja tu, mwaka ujao Mungu akipenda, kiti hakikimbii.

Salha alichutama, akaingiza mkono kati ya maua. Yalikuwa yameanza kupata joto. Maua ya mdanzi yakilundikana hujipika yenyewe, na kufikia adhuhuri yale yangekuwa kahawia, takataka. Hakumtukana Lamjed. Angetukana, ingekuwa nafuu. Alisimama, akaanza kukunja mikono ya gauni, mkunjo baada ya mkunjo, kwa utaratibu wa mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Bwana Lamjed," Ghufran alisema, "wewe ni mtu mbaya sana, na unajua."

"Najua, binti. Usinifundishe."

Lakini alikuwa akiitazama ile mikono ya gauni. Kichwani hesabu zilikwenda zenyewe, kama kawaida yake. Chungu kimoja cha maji upande huu. Upande ule mwanamke ambaye hajapata kumdai kitu isipokuwa habari za ngazi, na aliyesema sawa kwa bei ya kusema, na ambaye baada ya leo angeendelea kusema sawa, lakini kwa sauti nyingine. Hesabu haikukaa vizuri. Aliirudia, ikakaa vibaya zaidi. Basi akavua koti, akapiga magoti mbele ya chungu, akachukua kiberiti kabla Salha hajakifikia, akawasha.

"Haya. Moto wangu huu," alisema. "Ondokeni, basi linawaacha."

Salha akayasema mbio mbio yote yaliyohitajika: kitambaa chenye unga kikazwe kwenye maungio mvuke usitoke, maji baridi ya kule juu ya kichwa cha udongo kinachofunika chungu yabadilishwe yakipata uvuguvugu, yabadilishwe, yabadilishwe, moto uwe mdogo. Akakunjua mikono ya gauni akatoka.

Lamjed alijua maua kwa harufu, kwa uzito, kwa shamba yalikotoka. Chungu alikuwa hajapata kukikalia. Aliyatia maua chunguni, akakaza kitambaa vizuri, matone yakaanza, akajiona bingwa. Ndipo mteja wa Sfax akapiga simu akitaka kupunguziwa, na Lamjed hajawahi kukata simu ya mtu anayetaka kupunguziwa. Walivutana kwa raha, wakaapizana, wakapatana. Aliporudi kutazama, maji ya juu yalikuwa yakifuka, na yanayodondoka yalinuka moshi. Aliwaza nani angeweza kuyanunua. Akaona hata mgeni mwenye mafua angegundua. Akazima moto kwa mkono wake, akayamwaga kwenye mfereji.

Salha alirudi jua likizama. Aliisikia harufu tangu kona ya mtaa, akaingia, akakitazama chungu cheusi, akakaa bila kuvua viatu. Lamjed alimuuliza ilikuwaje huko.

Alisema kiti kilikuwa kigumu. Vijana walisema vizuri, Ghufran alieleza ile hadithi ya kufungwa macho, ukumbi ukacheka, naye akacheka. Kijana aliyekaa jirani yake alimwazimisha kalamu. Walipomaliza, kengele ikalia, wanafunzi wakainuka wote kwenda kwenye somo linalofuata.

"Na mimi nikainuka nao," Salha alisema. "Nikaenda nao ushoroba mzima, mpaka mlango wa darasa lao, na ile kalamu mkononi. Ndipo nikakumbuka kwamba sina somo."

Lamjed alijikung'uta majivu.

"Maua ya mwisho usiniletee tena," Salha akaendelea. "Si mwaka ujao, si wowote. Wiki ile si yako."

Lamjed alikubali bila kuvutana, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Hivyo ndivyo walivyoachana mwaka ule. Lamjed alipoteza chungu kimoja cha maji na faida ya maua ya mwisho kwa miaka yote iliyosalia, akabaki na mtoneshaji bora wa Nabeul, ambaye sasa huvutana naye bei mpaka jasho linamtoka. Salha alipata asubuhi moja kwenye kiti kigumu. Zamani alikuwa akiuliza habari za ngazi tu. Siku hizi humuuliza Lamjed kila arudipo Tunis kama amewaona wanafunzi wakiingia darasani, na saa ngapi.