Vitoto Visivyosikia

Juzi, nilipokuwa ziwani hapa Uvira, niliona tena wale samaki wadogo wanaojificha kati ya mawe, na hasira yangu ya utotoni ikanirudia.

Siku moja nilipokuwa mtoto, dada yangu Neema alikuwa akifua hapo ufukweni. Kulinuka sabuni na ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani. Nilikuwa nimenasa samaki mmoja kwa beseni. Ghafla akatema vitoto kama kumi, halafu vikarudi kinywani mwake, kimoja kimoja. Nikadhani anavila. Nikagonga beseni, akavitema. Nilipogeuka kidogo, nikakuta vimerudi.

"Nyinyi muko wajinga!" nikavifokea. "Nawaokoa, na munarudi kwa mwenye kuwakula?"

"Weye, unagombana na nani tena?" Neema akauliza bila kuinua kichwa.

Mwishowe, vilipotemwa tena, nikamshika yule mkubwa, nikamtupa mbali ziwani, kisha nikampelekea dada beseni kwa majivuno.

Akaacha nguo. "Aa, weye muntu! Ule ilikuwa mama yao. Anawafichaka mu kinywa. Sasa watajificha wapi?"

Leo najua alisema kweli. Siku ile nilibisha, nikatumbukiza kidole ili nivitulize. Vyote vikakikimbilia, vikakizunguka, vikitafuta mahali pa kuingia.